Anko, nilitupa kumi mbili nikiwa mlangoni, sasa ukweni wote wananiita muoga

Shikamoo Anko,

Naandika kutoka Kigoma, huku Ujiji, jina langu naomba uliache maana shemeji yangu naye anasoma safu yako na ndo yeye mwenyewe mhusika. Nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Mke wangu ananunua dagaa Kibirizi anaanika anauza, mimi nina mtumbwi nusu kwa nusu na kaka yangu.

Sasa ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu ya 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, si unajua, mitumbwi imepandishwa juu, watu tumekaa tu tunahesabu kuta, ndo kijana mmoja aliyekuwa Dar akarudi akatufundisha poka, ile ya kila mtu karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Tukanogewa aisee. Ziwa likafunguliwa tukarudi kazini lakini mchezo haukufa, tunacheza kila mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkali taa hazivuti dagaa na hamna anayehangaika kuingia ziwani.

Utaratibu wetu ni huu. Kiingilio msimbazi mmoja. Mara ya mwisho tulikuwa watu 18 kwa hiyo hela ilikuwa 180,000. Wa kwanza anachukua 90,000, wa pili 54,000, wa tatu 36,000, wengine wote mnarudi nyumbani na stori. Chipu hatuna, tunatumia maharage, kila mtu maharage 100, blaindi (lile dau la lazima ambalo watu wawili kwa zamu wanaweka kabla ya kuona karata, mmoja dogo mwingine kubwa) zikishapanda sana tunabadilisha kila maharage 20 yanakuwa kizibo kimoja cha soda. Yaani mwisho wa mchezo mezani kuna vizibo 90 basi, havipungui haviongezeki.

Tukabaki wanne. Hapo penyewe sisi tunapaita mlangoni, kwa sababu wa nne anatoka mlangoni hivi hivi bila senti huku watatu wanabaki ndani na hela. Shemeji (kaka wa mke wangu) ana vizibo 42. Mimi 24. Mwalimu 20. Fundi redio ana 4 tu, anapumulia mashine. Blaindi ni kizibo 1 na 2.

Fundi akatupa karata zake, yaani kajitoa mkono huo, Mwalimu akatupa, shemeji yuko blaindi ndogo, mimi blaindi kubwa. Shemeji hakufikiri hata, akasukuma rundo lote katikati. Ol-in. Akaniangalia akaanza kuchokonoa meno. Mimi nafunua karata zangu taratibu, kumi ya kopa, kumi ya shupaza. Anko mikono ilitetemeka. Kumi mbili! Tangu saa mbili usiku nilikuwa napata takataka, sa hivi nimepata kumi mbili na huyu bwana kaweka zote. Nilikaa kama dakika tatu watu wakaanza kupiga miluzi, nikawaza nikiita, yaani na mimi niweke zangu zote, nikishinda nina 48 nawamaliza wote, nikishindwa natoka mimi badala ya Fundi mwenye vizibo 4. Nikatupa.

Shemeji akafunua yake. Kingi ya uru na nne ya pau. Kingi-nne, Anko! Watu wakaanguka vicheko. Haikutosha, wakalazimisha zile karata tano za mezani zitolewe waone ingekuwaje, Kingi haikuja, nne haikuja. Ningeshinda. Shemeji akasema kwa sauti dada yake kaolewa na mwanaume anayeogopa vizibo.

Mkono uliofuata Fundi alikuwa blaindi kubwa, nusu ya mali yake imeshaingia, shemeji akaongeza, sie wengine tukatupa, Fundi akaweka viwili vilivyobaki na saba-tano yake mbovu, saba ikatoka, akapanda hadi 9. Halafu mkono wa tatu shemeji akaweka zote tena huku anasema "muoga atatupa", nikaita na Esi-tisa, yeye Esi-Jeki, nikatoka wa nne. Ndo hivyo.

Sasa ukweni mzima wananiita Bwana Kumi Mbili. Mke wangu hakucheka, aliniuliza tu "kwani hukuweza kumsubiri yule wa vizibo vinne?" halafu akaendelea na dagaa wake. Naomba uniambie ukweli, ile kumi mbili nilipaswa kuita? Na mbalamwezi ijayo akinifanyia vile tena nifanyeje, maana najua atafanya.

Mpwa wako, Ujiji

*

Marahaba mpwa wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu na karatasi, maana kwa barua kama hii kumpa mtu maneno ya kumfariji bila namba ni kumdanganya. Kabla sijarudi kukaa hapa Tabora nilikuwa dila kwenye kasino moja Dar miaka kadhaa, kazi yangu kugawa karata na kunyamaza, na hicho ulichokutana nacho nimewaona watu wenye suti wakikutana nacho wakalia. Wenzetu wanaita bablo, nyie mlangoni, na jina lenu nimelipenda zaidi.

Kwanza niseme hili nipite haraka: mchezo wa hela hapa kwetu unataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kwa mtu wa chini ya miaka 18 haupo kabisa. Hilo nyie wenyewe mnalijua, na masheikh wa Ujiji wana la kwao la kusema wala sitabishana nao. Wewe umeniuliza karata, nakujibu karata.

Ulitupa vizuri. Na sisemi "vizuri" ya kukubembeleza, naweza kukuonyesha.

Anza na hesabu ya shemeji yako na hao waliokucheka. Wao wanaona hivi: mezani kuna vizibo 24 vya shemeji vinavyokuhusu (vilivyozidi hapo havikuhusu, huna vya kuvifikia) na viwili vyako vya blaindi, wewe unaongeza 22, mshindi anabeba 48. 22 kwa 48 ni kama 46 kwa 100. Kwa hiyo ukiwa na karata inayoshinda mara 46 katika 100 ita. Kumi mbili mbele ya Kingi-nne inashinda kama mara 71. Sasa mtu mwenye 71 anatupaje wakati anatakiwa 46? Lazima wacheke. Na ingekuwa ni mkono wa kwanza wa usiku, watu 18 bado wamekaa, au zawadi ingekuwa mbuzi mmoja tu wa mshindi, hata mimi ningekucheka.

Ila zawadi hazikuwa hivyo. Aliyekusanya vizibo vyote 90 hapewi 180,000, anapewa 90,000. Ile nusu nyingine inakwenda kwa watu ambao wamemaliza bila kizibo hata kimoja! Mwalimu akitoka wa tatu mfuko wa vizibo uko sifuri lakini 36,000 iko mfukoni. Hapo ndo utajua kizibo si hela. Bei ya kizibo inabadilika kulingana na ni nani kabaki na wewe uko wapi, kama dagaa tu, debe lile lile mwezi wa giza na mbalamwezi si bei moja.

Kuna hesabu ya kubadilisha vizibo kuwa hela, inaitwa ICM, Mmarekani mmoja Mason Malmuth ndiye aliyeileta kwenye poka kwenye maandishi yake ya 1987, na njia yenyewe ya kukokotoa ni ile ile aliyoitoa David Harville mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi. Wazo lake ni jepesi: nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sehemu yako ya vizibo vyote, ukiwa na 22 kati ya 90 basi ni 22 kwa 90. Halafu unamtoa huyo wa kwanza pembeni unauliza swali lile lile kwa waliobaki, nani wa pili, kisha nani wa tatu. Unajumlisha kila nafasi mara zawadi yake. Inachosha lakini si uchawi, nilimaliza kabla chai haijapoa.

Ukitupa unabaki na 22, shemeji 44, Mwalimu 20, Fundi 4. Vizibo vyako 22 hapo vina thamani ya kama 51,200. Soma tena mpwa, elfu hamsini na moja, na wewe ulidhani umeshika takataka. Ni kwa sababu Fundi yuko chini yako anapumulia mashine kama ulivyosema mwenyewe, na akitoka yeye wewe umeshaingia ndani.

Ukiita ukashinda unakuwa na 48, shemeji anabaki na 18. Thamani yako hapo ni kama 69,600. Ukiita ukashindwa ni sifuri, bodaboda unalipa mwenyewe.

Kwa hiyo ulikuwa unaweka rehani 51,200 ili upate nyongeza ya 18,400. Vile vizibo 22 vya mkononi kila kimoja kinakugharimu kama 2,300 ukikipoteza, na vile 26 vya kuongeza kila kimoja kinakuletea kama 700 tu. Mkeo asingenunua dagaa kwa bei hiyo hata akiwa usingizini. Gawa 51,200 kwa 69,600 unapata karibu 74. Hiyo ndiyo namba yako, kuita kunalipa tu kama unashinda mara 74 katika 100. Si 46. 74!

Na wewe na Kingi-nne ulikuwa na 71.

Yaani hata kama shemeji angezifunua karata zake kabla, akaziweka mezani mchana kweupe ukaiona hiyo Kingi na hiyo nne, bado kutupa kulikuwa na hela zaidi. Kidogo, kama 1,800, lakini zaidi. Hapa ndipo wengi wanakataa, nimeshagombana na watu kwa jambo hili, wanaona kama nawafanyia mazingaombwe. Nawaambia chukua kalamu.

Tena hesabu hii haijui kitu kimoja ambacho wewe ulikijua, kwamba mkono unaofuata Fundi anaingia blaindi kubwa, vizibo viwili kati ya vinne vyake vinakwenda mezani atake asitake. ICM inamwona Fundi ana 4 basi, haioni kwamba kesho asubuhi anadaiwa kodi. Ukiliweka na hilo, ile 74 inapanda tena. Mkeo aliyeuliza kwa nini hukumsubiri yule wa vizibo vinne hajawahi kushika karata, si ndiyo? Kaielewa bablo kwa sentensi moja, na ile tupa yako ndiyo ilikuwa kumsubiri kwenyewe.

Lile la kutoa karata tano waone "ingekuwaje" lipigeni marufuku. Kingi haikuja safari hiyo, safari nyingine itakuja. Mara 29 katika 100 unapigwa, na zile 29 hazina adabu, zinakuja zinapotaka.

Sasa nikuudhi kidogo. Barua yako ina aya ndefu kuhusu kumi mbili, miluzi, meno yanachokonolewa, dakika tatu za kufikiri. Halafu ule mkono uliokutoa umeuandika mstari mmoja na "ndo hivyo". Mpwa, tatizo lako liko kwenye huo mstari mmoja!

Fundi kapanda hadi 9, sawa, inauma, lakini bado ndiye mdogo kuliko wote na wewe una 21. Nimepiga hesabu ya hapo pia, ukitupa una kama 47,800, ukiita ukashinda una kama 67,000. Ulihitaji kama 71 katika 100. Esi-tisa, hata mbele ya mtu aliyeweka zote bila kuangalia karata zake, inashinda kama mara 60 na kidogo. Na safari hii shemeji hakuwa blaindi ndogo anakusukuma wewe peke yako, alikuwa wa kwanza kusema, watu watatu nyuma yake, mtu pale kidogo anaangalia alichoshika. Kwenye kumi mbili ulifikiri dakika tatu, kwenye Esi-tisa hukufikiri hata sekunde tatu, uliitikia jina. Alisema muoga ukaitika. Wakikuita Bwana Kumi Mbili hawajakutendea haki, wangekuita Bwana Esi-Tisa ningekaa kimya.

Na shemeji usimdharau. Kingi-nne unaiona uchafu ila yeye hakucheza Kingi-nne, alicheza hofu ya watu wenye 24 na 20. Ana 42, akipigwa na wewe anabaki na 18, bado yuko ndani ya mchezo, wewe ukipigwa umeisha. Kwa hiyo anaweka zote, wewe na kumi mbili huwezi kuita, anabeba blaindi anacheka. Sidhani kama amewahi kukaa na kalamu, lakini kwa ujanja wa mezani ameliona, na ndio mchezo sahihi wa mwenye rundo kubwa mlangoni. Kumbe hata kicheko chake ni sehemu ya mchezo, anataka safari ijayo uite kwa hasira na karata mbovu. Na uliita.

Mbalamwezi ijayo basi. Mkifika wanne, kabla ya kuangalia karata zako angalia vizibo vya wenzako. Kama kuna mtu wa vizibo vitatu vinne na wewe uko katikati, yule mwenye rundo akiweka zote wewe unaita na Jeki mbili kwenda juu, yaani Jeki, Kwini, Kingi na Esi mbili mbili. Kumi mbili ita tu kama una uhakika kabisa kwamba anaweka bila kuangalia, hapo inashinda mara 75 na faida yake ni kama buku moja, sasa kwa buku moja sijui kama inafaa kuvunja amani ya ukweni. Esi-Kingi tupa. Najua, inauma, lakini Esi-Kingi mbele ya karata zozote tu inashinda kama 65, au 67 zikiwa za aina moja, tuseme zote kopa, na tumeshasema unataka 74.

Yote hayo ni kuita. Kuweka zote wewe wa kwanza ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ukiweka kwanza unaweza kushinda kwa wenzako kutupa, ukiita unashinda kwa karata tu. Shemeji akishatupa na umebaki wewe na Mwalimu, msukume Mwalimu. Ana 20 na anaogopa mlango kama wewe, atatupa vitu vizuri mno. Fundi ndiye usimsukume kwa uchafu, mtu wa vizibo 4 hana cha kupoteza, ataita na chochote na hapo atakuwa sahihi. Na siku wewe ndiye mwenye 42, mfanyie shemeji alivyokufanyia, bila kuchokonoa meno lakini, ni mkubwa wako.

Ukiwa na 3 au 4 wewe mwenyewe, yaani wewe ndiye Fundi, sahau nilichoandika chote. Hapo hakuna mdogo wa kumsubiri, tafuta karata ya kuanzia uweke kabla blaindi hazijakumaliza.

Jambo la mwisho, sehemu nyingi watu wakifika mlangoni wanakubaliana wa nne arudishiwe kiingilio chake, inatolewa kwenye zawadi ya kwanza, kwenu ingekuwa 80,000, 54,000, 36,000 na 10,000. Pendekeza kabla ya mchezo, si mkiwa wanne tayari maana mwenye vizibo 42 atakataa. Nimeipigia hesabu nayo nikidhani ile 74 yako itaporomoka, imeshuka hadi 73 tu. Kumi mbili mbele ya Kingi-nne bado unatupa, ila nauli ya bodaboda itakuwepo.

Anko, Tabora